Kamba ya Musamba

Mama Victorine alikuwa amesema, na akisema jambo mtaa mzima wa Kampemba unajua limekwisha: binti yake Myriam haingii kwa mwanaume yeyote kabla mama mtu hajaonyesha moto. Na moto wenyewe hauonyeshwi ovyo.

Kuonyesha moto ni siku ambayo mama wa binti anampikia mkwe vyakula vyote vya kwao, anamfunulia sufuria moja moja, amwambie hiki ni nini na kinatoka wapi. Kuanzia hapo mkwe anaweza kula nyumbani kwa mama mkwe na kuongea naye. Kabla ya hapo, thubutu! Ni heshima ya buko, ya ukwe, tupu. Hamtazamani usoni, hamshikani mkono, hamsemeshani. Kukiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu.

Doudou hakuwa na shida na buko. Babu yake alikuja na reli kutoka Kasai, na bibi yake wa Kikasai alimlea kwa heshima hiyo hiyo. Akimwona Mama Victorine sokoni alikuwa anajibanza nyuma ya mafungu ya samaki wa Pweto mpaka apite. Shida ilikuwa nyingine. Mwaka mzima ulikwisha, mahari imepokelewa, padri ameulizia tarehe, na moto hauonyeshwi. Neno la mama mkwe lilimfikia kupitia kwa Donat, mdogo wake Victorine, dereva wa teksi.

"Dada anasema hawezi kuonyesha moto muntu hajue hata muti moya ya inchi yake," Donat alimwambia pale kwenye kibanda ambacho Doudou anatengenezea simu. "Anasema utakula bintu bya pori kama unakula biskuti. Siku ya mungu tunaenda naye ku pori, sisi batatu. Usipojua kitu, mon frère, Myriam ataendelea kulala kwa mama yake."

Pori! Doudou nchi aliyoijua ni Kampemba, mjini, na hoteli ya Karavia siku za sikukuu, kwenda kupiga picha na Myriam kando ya maji. Lakini alimpenda yule msichana kuliko kitu chochote, akanunua buti za plastiki.

Walitoka baada ya misa, kwa barabara ya Kasenga, wakaupita uwanja wa ndege. Doudou alikaa mbele na Donat. Mama Victorine nyuma na kikapu chake, kioo cha dereva kimegeuzwa kwa makusudi kiangalie juu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha kila kitu kinang'aa. Walipoingia porini kwa miguu, Mama Victorine, aliyefundisha shule ya msingi hadi mvi zikamjaa, akaanza somo.

"Donat, ambia ule muntu, hii ni musuku. Matunda yake hatuangushe. Tunaokota yenye kuanguka yenyewe."

"Doudou, hii ni musuku..."

"Nimesikia, yaya," Doudou alimjibu Donat.

"Sema nimuambie dada!"

"Ambia mama nimesikia."

Hivyo hivyo, kutoka mti mpaka mti, hadi Donat akachoka kuwa redio ya watu wawili wanaosikilizana. Akaona moshi wa wachoma makaa ng'ambo ya barabara, akasema anakwenda kununua gunia moja, anarudi sasa hivi. Sasa hivi ya Donat! Mke wake akiisikia, anabandika maharagwe kwanza.

Wakabaki wawili. Doudou akageukia upande, macho kwenye buti zake, jasho linamtoka. Kisha akasikia sauti ya mwalimu, lakini haikumlenga yeye.

"Weye kichuguu," Mama Victorine alikiambia kichuguu kirefu kuliko nyumba, "ambia ule muntu, uyoga yako iko muzuri, ile mukubwa yenye kutoka mu udongo yako. Lakini ile nyekundu pale, akigusa, atazikwa na buti zake."

Doudou karibu acheke. Akakohoa, akauambia mti uliokuwa mbele yake, "Wee muti, ambia mama sitagusa."

Na ikawa raha, jamani! Mti ulipeleka, kichuguu kikajibu. Aliambiwa, kwa njia ya jiwe, mahali ambapo kikanda kinachimbwa penye majimaji, mizizi ile ambayo wamama wanaisaga na karanga na kuiuza imekatwa vipande barabarani. Aliambiwa matunda ya mupundu yanapendwa na nani na viwavi wa kuliwa wanapanda mti gani. Na mti wa musamba aliambiwa mara mbili: majani yake ni madogo madogo kama unyoya, na ganda lake ndilo kamba ya babu zetu, walilisokota wakafungia mizigo na hata nguzo za nyumba. Doudou, ambaye shuleni somo la mazingira lilikuwa linamlaza usingizi, alijikuta anauuliza mti maswali. Uyoga ukajaa nusu kikapu. Moyo wake ukawa mweupe, akaanza kuamini kwamba huenda moto ukaonyeshwa.

Mama Victorine akaona uyoga mwingine nyuma ya kichuguu, mkubwa kama mwavuli wa mtoto. Akakazana kuufuata mwenyewe. Doudou alisikia "Yo!" na kishindo cha tope.

Wafyatua matofali walikuwa wamechimba udongo pale, wakaacha shimo, na majani yakalifunika mdomo. Mama Victorine alikuwa amesimama ndani, tope hadi magotini, ukingo juu ya kichwa chake. Doudou alikimbia, akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Shimo!" sauti ikapanda kutoka chini. "Ambia ule muntu arudishe mukono yake!"

Akaurudisha kama aliyeungua. Masikini Doudou! Akimshika, buko imevunjika, na moto ndiyo basi tena. Asipomshika, anamwacha mama wa Myriam kwenye tope, na juu mawingu yamekuwa meusi tii. Alimwita Donat mpaka koo likamkauka. Hakuna Donat.

"Shimo, ambia mama... iko na maumivu?"

"Ambia ule muntu ni haya tu inaniuma, haiko muguu."

Ndipo akakumbuka. Akachukua kisu cha uyoga, akaukimbilia mti wa karibu, akachanja ganda, akavuta. Lilikatika mikononi, fupi kama ulimi wa kiatu.

"Shimo," mwalimu akafoka kutoka chini, "ile sauti ya ganda kukatika, haiko musamba ile! Ambia ule muntu aangalie majani, tafazali! Nilisema mara mbili!"

"Ndiyo, mama," Doudou alisema, akajiziba mdomo, akauambia upepo umfikishie. Akaangalia majani. Manene, si haya. Manene tena. Halafu, hatua chache kando, unyoya. Alichanja chini, akavuta kwa nguvu zote, na ganda likapanda na mti, refu, laini, linanuka ubichi. Akachanja la pili. Akayasokota pamoja jinsi jiwe lilivyofundishwa, akafunga ncha moja kwenye shina, nyingine akaishusha shimoni huku uso kaugeuzia mbali.

"Muti, ambia mama ajifunge mu kiuno."

Akaweka kamba begani, akaligeuzia shimo mgongo, akavuta. Buti zilimteleza, akaanguka kifudifudi, akasimama, akavuta tena akilia kwa hofu waziwazi, maana kamba ikikatika hana nyingine. Haikukatika. Ilimkwangua bega mpaka damu, lakini haikukatika. Alisikia tope likinyonya, likiachia, kisha mtu anahema kwa nguvu kwenye majani nyuma yake.

Hakugeuka. Alisimama vile vile, amelowa, anamngoja mama mkwe apanguse uso na kupanga kitenge chake. Je, alikuwa amekosea? Je, kumvuta mama mkwe kama gunia ni heshima?

Donat akatokea anapiga mluzi, gunia la makaa kichwani. Alimwona dada yake wa tope, akamwona mkwe aliyewapa mgongo ameshika kamba, gunia likamdondoka.

"Donat," Mama Victorine alisema, pole pole, "ambia ule mutoto siku ya posho akuye na njala."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, Doudou alikalishwa kwenye mkeka nyumbani kwa Mama Victorine na wajomba zake, uso ukutani, inavyotakiwa. Nyuma yake sufuria zilipangwa, na sauti ya mwalimu ilifunua moja baada ya nyingine: bukari, ule ugali wao, samaki wa Pweto, kikanda, viwavi, na uyoga wa kichuguu. Alivijua vyote kwa harufu tu, na akatamani siku isiishe. Ikabaki sufuria ya mwisho. Haikufunuliwa. Badala yake kitu kikavu na chepesi kikawekwa begani mwake, pale pale penye kidonda kilichokuwa kinapona. Akakishika. Ilikuwa ile kamba.

"Doudou," Mama Victorine akasema. Jina lake, kwa mara ya kwanza, bila mti, bila jiwe, bila Donat. "Buko imekwisha. Geuka, mutoto yangu. Uniangalie."

Akageuka. Yale macho yalikuwa ya Myriam kabisa, na yalikuwa yanamchekea.