Waya Katika Chai

Mzee Maulid alichovya ncha moja ya waya katika chai ya moto, akaibana ncha ya pili kwa vidole. Ulipomuunguza, akatabasamu.

"Shaba safi. Kinachopitisha joto vizuri hupitisha na umeme vizuri."

Kwa kipimo hicho alikiokoa kiwanda cha kamba katika miaka ya uhaba, mota zilipokuwa zikisukwa upya kwa nyaya za kuokota. Kanuni yenyewe aliipata katika madarasa ya jioni, akiwa na mvi tayari. Sasa kiwanda kimeuzwa, mwenye mali mpya amekuja na mafundi wake, na Maulid amebaki na kanuni yake na binti yake, Khairat, aliyerudi likizo kutoka chuo cha Ulaya.

"Mweleze Yakoub unachosoma," alijigamba mbele ya mwenzake wa zamani kiwandani, waliyeketi naye barazani.

Khairat alisita. "Metali ngeni, baba. Elektroni zake zimebanana, hakuna inayosogea bila kuzisukuma nyingine. Tukizipoza sana, umeme unapita, lakini joto halifuati kwa kiasi kinachodaiwa na kanuni."

"Kanuni ipi?"

"Hiyo yako."

Yakoub alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Lo! Umemsomesha mwenyewe, aje akufute ubaoni!"

"Simfuti, mzee wangu. Nilianzia kwenye waya wake. Kwa shaba ni kweli kabisa…"

"Basi!" Maulid aliimwaga chai mchangani. "Shaba ndiyo iliyokulisha. Hayo mengine kayapime hukohuko, usiniletee hapa."

Khairat alikuwa amekuja kuomba radhi abaki huko kuendelea na utafiti. Hakuiomba tena. Alipoondoka, baba yake alikuwa msikitini, na alikaa humo hadi basi likapita.

Miezi ikapita kimya. Kisha Maulid akaitwa simuni, nyumbani kwa Bi Zeyana, mwenye simu katika mtaa wa Raskazone.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Sauti ilifika nzima, kana kwamba binti ameketi pale mkekani. Kisha akasubiri. Maulid alijua anachosubiri: radhi yake. Alitaka kuitoa, akauliza mengine.

"Huko baridi?"

"Sana, baba."

"Haya."

Maulid alibaki ameubana mkonga sikioni.

"Imekatika?" Bi Zeyana aliuliza.

"Haijakatika. Waya mzima huu," alijibu, akiendelea kuubana mkonga wa simu kwa vidole, kama anayesubiri umuunguze.