Mgao wa Mifupa

Nilikwenda Kahama mara moja tu, kuchukua plasta. Ni ile ile wanayofungwa watu waliovunjika miguu. Sisi tunaifungia mifupa ya dinosaria, pamoja na vitambaa vya magunia, kabla ya kuitoa ardhini, ili isisambaratike njiani. Nilimwacha Januari, msimamizi wa wachimbaji wangu, nikamwambia asiguse kitu. Aliitikia vizuri sana. Januari huitikia kila kitu vizuri sana.

Shimoni, nje kidogo ya Masumbwe, ulikuwa umebaki mguu mmoja wa nyuma wa mnyama wetu, paja na muundi. Mwenzake ulishachukuliwa na maji ya korongo zamani. Kwenye karakana yetu ya Nyahanga fremu ya chuma ilikuwa tayari, uti wa mgongo na mbavu vimeshafungwa juu yake. Tukiupata mguu huo, wa pili tungeuigiza kwa plasta. Tukiukosa, mnyama hana pa kusimamia, na hakuna mwingine wa aina yake wa kutazamia.

Niliporudi mchana nikakuta shimo tupu, limefagiliwa. Kando yake viroba vimepangwa.

"Karibu, Mama Benjamini," Januari akasema, amefurahi kabisa. "Mgao tumeshamaliza. Wa kwako tumekutunzia."

"Mgao wa nini?"

"Wa mawe."

Nikakaa chini. Hawa ni watu wa dhahabu, wamekulia kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, na mawe yakitoka duarani hugawanywa siku ile ile, pale pale mdomoni mwa shimo: mwenye shamba vyake, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao. Kuyalaza bila kugawa ni kuwakaribisha wezi. Mimi niliwaajiri kwa mshahara, nikawaeleza tangu siku ya kwanza kwamba hii ni mifupa tu, haina dhahabu. Kumbe waliniona mjanja.

"Sasa mama, nani apige brashi miezi yote hii kitu kisicho na mali?" Januari aliniuliza kwa upole, kama anayenisaidia niache kudanganya.

Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Wakarudisha viroba vyao, wamenuna. Nikavimimina vyote juu ya turubai, na changu pia, nikaanza kuunganisha. Muundi ulikuwepo, vipande vipande lakini upo, ningeutengeneza kwa gundi. Paja halikuwepo hata chembe.

"Paja ni la mwenye shamba," Januari akasema. "Si ndilo zito?"

Mwenye shamba, Mzee Magesa, nilimkuta kwake anapukuchua mahindi. Nilitamani nimrukie, lakini mzee ni mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mhola?"

"Mhola," nikaitikia salamu yake ya Kisukuma.

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Baba, mimi sina ng'ombe! Kiroba chako kiko wapi?"

Alinitazama kwa masikitiko, kama anayemtazama mtu aliyekosa malezi. Akauliza kwanza kama Kahama imenyesha. Nikajibu haijanyesha, huku machozi ya hasira yananilenga. Ndipo akasema kiroba kimeshapakiwa kwenye bodaboda, kimekwenda kwa Chausiku, kwenye karasha.

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Niliendesha gari kama mwehu, na tangu barabarani nikasikia inanguruma. Nikaruka chini napiga kelele, "Zima! Zima, jamani!" Chausiku, mama wa makamo aliyejifunga mtandio kichwani, akazima injini na kunifungulia pipa la kusagia bila kuuliza. Nikaingiza mkono.

Unga. Ulikuwa wa moto bado, laini kama wa muhogo. Niliuchota nikauacha umwagike katikati ya vidole, nikauchota tena, natafuta japo kipande kimoja. Hakuna. Nikalia pale pale mbele za watu, mtu mzima na shahada zangu.

Chausiku akanisogezea kigoda. Akanisubiri ninyamaze, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama tunavyoulizana msibani.

"Dada, lile jiwe lilikuwa na mali?"

"Hapana," nikasema. "Halikuwa na mali hata kidogo."

Akashusha pumzi, akanipigapiga begani.

"Basi mshukuru Mungu, mdogo wangu. Hujapoteza kitu."