Mstari Uliobaki Mtupu

Kwa jina la Mola aliyemfunza mja wake kunena, na rehema zimshukie Mtume, twaanza.

Walikuwamo watatu katika kiwanda cha chapa: Mwalimu mstaafu aliyetunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili; bintiye wa pekee, aliyekaa mbele ya kompyuta; na Mpiga Chapa, mwenye vidole vyeusi kwa wino na subira fupi kama kope. Mke wa Mwalimu alikwisha tangulia mbele ya haki.

"Punguza, Mwalimu!" alisema Mpiga Chapa. "Neno moja la Kiingereza limemeza nusu ukurasa. Freshi ni freshi tu. Mambo freshi, basi!"

"Basi huko kwako. Samaki ni mbichi, mkate ni wa sasa hivi, hewa ni safi, maji hayana chumvi, na kijana asiye na haya naye huitwa hivyo hivyo. Nifute maana ipi?"

"Yoyote. Lifupike sasa hivi, ama neno zima litoke. Mtambo unasubiri."

Damu ilimchemka Mwalimu. Katika kamusi yake hapakuwa na mfano wa kubuni. Kila mfano ulikuwa sentensi iliyotamkwa kweli nyumbani kwake, na za neno hili zote zilitoka kinywani mwa marehemu. "Samaki huyu mbichi, mume wangu, kilichooza ni pua yako," alimwambia siku moja, naye akaikimbilia kalamu huku akicheka. Kufuta maana kulikuwa kumnyamazisha mkewe.

Akakata, akarudisha, akakata tena. Mpiga Chapa akafyonya.

"Baba," binti akasema taratibu, "umeeleza, kisha ukayaeleza maelezo. Mama anaeleweka bila wewe."

Maneno yale yalimkata maini. Hata hivyo alisoma upya, akaona ni kweli. Kwa uchungu akafuta fafanuzi zake zote, fahari ya uzee wake, akaziacha sentensi za mkewe peke yake. Nafasi ikapatikana, na mstari mmoja ukabaki mtupu.

"Maana ya mwisho haina mfano," alinung'unika. "Jambo lililopita lisilopoa moyoni. Mama yako hakuwahi kulisema. Nayo itoke."

Binti hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. "Baba, kwangu mimi msiba wa Mama bado mbichi."

Mwalimu akauonyesha kwa kidole ule mstari mtupu.

"Iandike," akasema. "Vivyo hivyo ulivyoitamka."

Mola amrehemu aliyetangulia, na awajaalie waliobaki ulimi mwema na sikio la kusikilizana. Amin.