Skii Moja Mbele

Sheria ya baba yetu ilikuwa fupi: ukinasa ukanyanyuliwa mara tatu, unarudi. Mlimani siku ya Februari haina urefu, na hakuna wa kupoteza saa nzima akimfukua mwenzake kwenye theluji. Baba tulishamzika, lakini kaka zangu, Thayne na Ardell, waliishika sheria hiyo kuliko yeye mwenyewe. Ndiyo maana mimi Verla, bibi wa wajukuu wanne, niliyezaliwa chini ya milima hii ya Wyoming, sikuwahi kufika kwenye kilele cha Mgongo wa Tandiko. Wao walifika kila mwaka. Mimi kila mwaka nilirudishwa, nikawasubiri ndani ya gari na chupa ya chokoleti ya moto, nimenuna.

Kilichoniponza ni sledi ya injini. Ina skii mbili mbele, yaani vibao virefu vya kutelezea, mkanda mpana nyuma, na uzito wa kilo mia mbili na ushei. Kwenye mteremko lazima uning'inie upande mmoja kwa mwili wako wote, la sivyo inabingirika. Thayne ana mwili wa kazi hiyo. Mimi nina kilo hamsini na tano na bega lililopasuliwa mara mbili.

Basi msimu huu niliuza sledi yangu bila kumwuliza mtu, nikanunua pikipiki ya theluji. Ni pikipiki ile ile ya porini, ila gurudumu la mbele limetolewa likawekwa skii moja, na la nyuma limepisha mkanda mwembamba. Nilipoishusha garini asubuhi ile, Thayne alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ardell, njoo uone! Bibi kaleta baiskeli!"

"Mwache dada wa watu," Ardell akasema, naye anacheka vilevile.

"Nimwache vipi? Hicho kitu hakibebi hata sandwichi. Ukinasa, Verla, nani atakufukua?"

"Sikukuomba," nikamwambia. "Washa yako twende."

Tulikagua vifaa vya kifuani vinavyotoa ishara ya mahali mtu alipofukiwa na theluji, kisha tukaondoka.

Niseme kweli: kwenye uwanda waliniacha vibaya. Sledi kwenye theluji tambarare inaruka, na mimi nilikula unga wa theluji yao kwa maili sita, vidole vikiwa ganzi. Nilianza kujiona mjinga. Nilijiambia kwamba nikirudishwa leo tena, sitakanyaga mlima huu maisha yangu yote, na sikuwa natania.

Chini ya korongo wanalopandia siku zote, Ardell alinyoosha mkono. Upepo wa wiki ile ulikuwa umejenga ukingo mzito wa theluji juu yake.

"Hapo sipiti," akasema. "Ule ukianguka tutatafutwa mpaka Juni."

"Basi tupite msituni," Thayne akasema.

Msitu wenyewe umebana, misonobari imekaribiana, na mteremko ni mkali. Thayne alitangulia kama kawaida yake. Hakwenda mbali. Skii zake mbili zilikwama pande mbili za mti mmoja, nasi tukamvuta. Moja. Akapinda kushoto, sledi ikamlalia ubavuni kwenye shimo la theluji laini chini ya mti. Mbili. Ardell naye akanasa mara moja, akatukana tusi ambalo mke wake hajawahi kulisikia.

Mimi nilikuwa napita. Niliinamisha mwili kidogo, pikipiki ikainama nami, nikapenya mahali ambapo sledi isingeingiza hata skii moja. Bega halikuuma. Mara moja nilizama mpaka kwenye kiti, Thayne akapiga kelele za furaha huko chini. Nikailaza pikipiki ubavu, nikajaza shimo kwa miguu, nikaisimamisha mwenyewe, nikaenda. Zile kelele zilikatika.

Kisha sledi yake ikaingia kati ya miti miwili ikakaa humo kama kizibo. Tulivuta sote watatu mpaka jasho likatutoka.

"Tatu, kaka," nikasema.

"Hii haihesabiwi! Mti huu haukuwapo!"

"Haukuwapo? Una miaka mia mbili!"

Ardell alikaa chini kwenye theluji kwa kucheka. Thayne alinitazama, akazima injini.

"Nenda," akasema. "Si mbali. Tutakusikia kwenye simu ya upepo."

Nikaenda. Miti ilipungua, ikawa mifupi, ikaisha. Mbele yangu hapakuwa na mlima tena, ila anga tu, na upande wa pili mabonde ambayo miaka thelathini nilikuwa nasimuliwa mezani. Nilizima injini nikapiga yowe. Nilipiga tena. Nililia pia, na machozi yakaniganda mashavuni, sikujali.

Simu ya upepo ikakoroma. "Verla? Umefika?"

"Nimefika! Njooni kwa miguu, nimewashindilia njia."

Thayne akajibu: "Mimi ni mara tatu."

"Baba hakusema kitu kuhusu miguu. Panda, mzee!"

Walifika baada ya dakika ishirini wakihema. Thayne hakutazama mabonde. Aliizunguka pikipiki yangu, akagusa ile skii moja, kisha akavua helmeti. Uso wake ulikuwa mwekundu, na sijui kama ni kwa kupanda tu.

"Miaka yote ile," akasema. "Haikuwa wewe, Verla. Ilikuwa mashine."

"Najua," nikamjibu.

Nilimdanganya. Nilikuwa nimejua kwa dakika ishirini tu.