Mazishi Katika Maabara

Kwa majonzi makuu natangaza kifo cha Umoja wa Wakristo wa shule yetu, kilichotokea mwezi wa Ramadhani baada ya kuugua kwa muda. Marehemu ameacha mtu mmoja tu wa kumlilia. Mtu huyo ni mimi, Akiru, wa Kidato cha Tatu, binti wa kijiji cha Gotu, niliyewahi kuadhibiwa kwa kukivalisha kiunzi cha mifupa cha maabara sketi ya sare na kukiketisha kwenye kiti cha naibu wa mwalimu mkuu.

Ugonjwa wenyewe ulianza taratibu. Shule yetu ni ya bweni, ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Isiolo, na karibu wote ni Waislamu. Wakristo wakubwa walimaliza Kidato cha Nne wakaenda zao. Nikabaki na Nkatha. Kisha baba yake Nkatha, mwanajeshi wa kambi iliyo Burat, akahamishwa, naye Nkatha akahama pamoja na ngoma yetu, kwa kuwa ilikuwa yake.

Tangu hapo nikawa mwenyekiti, mhubiri, kwaya na waumini. Jumapili moja nilihubiri vizuri sana, nikasinzia katikati ya mahubiri yangu.

Mtu asidhani nilionewa. Hakuna aliyenionea, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Ukionewa, angalau una mtu wa kumkasirikia. Wenzangu walifunga pamoja, wakafuturu pamoja, wakaenda kuswali wakisukumana na kucheka. Mimi mchana niliketi katika bwalo lililojengwa kwa watu mia tatu, na sahani yangu ya githeri, nikisikia kuta zikikijibu kijiko changu. Mpishi, Mzee Huqa, ambaye mwenyewe alikuwa amefunga na bado alilazimika kunipikia, siku moja aliegemea dirisha la jikoni.

"Habari ya mkutano?" akaniuliza.

"Umejaa, Mzee Huqa. Nimekosa hata pa kuweka kiwiko."

Akacheka. Mimi pia nikacheka, kisha nikaisukuma sahani kando.

Mchana huo niliazima simu ya matroni nikampigia mama. Nikamwambia huku hakuna Mkristo mwingine na nataka kuhama. Akasema, "Jumapili ni siku ya wazazi, nitakuja. Nikikuta umefunga sanduku lako, tutaondoka pamoja, nikakutafutie shule huko Meru. Lakini uombe kwanza, Akiru. Na usiombe kama mtu anayesoma tangazo."

Mama ananijua.

Jumamosi, Deeqa ninayekaa naye dawati moja, binti wa mchuuzi wa mbuzi, alinigeukia ghafla.

"Wewe Akiru, hayo maombi yenu ya Jumapili yanataka watu wangapi ndio yakubalike?"

Nikajua anapima kwa kipimo cha kwao. Amekua akisikia wazee wa msikiti wao wakisema Ijumaa haiswaliwi mpaka wanaume arobaini watimie.

"Yesu alisema wakikutana wawili au watatu kwa jina lake, yeye yuko kati yao."

"Na wewe ni mmoja."

"Na mimi ni mmoja."

Macho yakamtoka. "Kwa hivyo tangu Nkatha aende hujaswali? Wallahi, Akiru! Wiki zote hizo?"

Ningeweza kumweleza kwamba Mungu husikia hata mmoja. Lakini siku hiyo mimi mwenyewe sikuwa na hakika. "Ndivyo," nikasema kwa sauti ya msiba. "Kesho tunazika."

Deeqa akaondoka akihesabu vidole.

Jumapili asubuhi nilifunga sanduku langu la bati, nikalitia kufuli. Kisha nikaenda kwenye maabara, tulipokuwa tukikutana, kuandaa mazishi. Boksi la chaki likawa jeneza. Ndani yake nikalaza kijiti cha ngoma ambacho Nkatha alikisahau, nikakifunika kwa karatasi ya choo, kwa heshima. Kiunzi cha mifupa nikakifunga kitambaa kichwani na kukiweka mbele, kiwe mfiwa mkuu.

"Wapendwa," nikaanza. Mfiwa akanitazama kwa makini.

Mazishi yote niliyohudhuria Gotu yana mpango mmoja: wasifu, wimbo, udongo, halafu mchungaji hupandisha sauti na kusema huu si mwisho, kwa sababu Kristo alifufuka. Wasifu nikaupita salama. Wimbo nikauimba. Udongo nikamwaga, ingawa ulikuwa unga wa chaki. Nikafika pale pa mwisho, nikafungua mdomo niigize sauti ya mchungaji, na maneno yakakataa kuigizwa.

Mimi hufanyia mzaha kila kitu. Hayo yalinishinda. Baba yangu alizikwa kwa maneno hayo hayo, na mama aliyashika kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba.

Nikaketi sakafuni.

"Bwana," nikasema, na safari hii haikuwa sauti ya tangazo, "niko peke yangu. Nimechoka kuwa peke yangu."

Nikangoja. Hakuna kilichotokea. Mabati yalilia kwa jua. Lakini maneno yangu yalibaki mle chumbani, nami nikayakagua kama mwalimu wa hesabu anayekagua jawabu, nikaona pana kosa. Nilikuwa nikimwambia nani? Huwezi kumwambia mtu kwamba uko peke yako. Ukishamwambia, mko wawili.

Nililia, halafu nikacheka, halafu vyote pamoja, kifua kikalegea kama punda aliyeteremshwa mitungi. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Najua kwamba nilipojifuta uso sikuwa nazika tena.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Deeqa aliingia akihema, akimvuta mkono wa shati Ekal, bawabu wetu wa geti.

"Nimezunguka shule nzima! Kwa matroni, jikoni, kila mahali. Kumbe huyu ni wenu! Sasa mko wawili. Anza haraka kabla wakati haujapita." Akakiona kiunzi. "Na huyo pia ulikuwa umemhesabu?"

"Huyo ni mfiwa."

"Mtoe. Ataharibu swala."

Ekal alivua kofia yake. "Mimi huombea pale getini, binti yangu, tangu niandikwe kazi. Nilidhani shule nzima niko peke yangu."

"Na mimi ulidhani ni nani?"

"Wewe nilijua ni yule wa mifupa tu."

Deeqa akakaa nje, mlangoni. "Mimi siimbi," akatangaza. "Nasimamia hesabu."

Tukaimba. Ekal ana sauti ya lori lililobeba ng'ombe likipanda mlima, na sijawahi kusikia kwaya nzuri kuliko hiyo. Tulikuwa ubeti wa tatu geti lilipoanza kugongwa kwa jiwe.

"Mungu wangu, wazazi!" Ekal akaruka. Funguo zilikuwa mfukoni mwake.

Tulikimbia sote. Mama alikuwa amesimama juani, jiwe mkononi, na wala hakuwa amekasirika.

"Akiru, si ulisema huku hakuna Mkristo? Ni nani huyo aliyekuwa akiimba kama fisi?"

"Ni mimi, mama," akasema Ekal kwa unyenyekevu, akifungua kufuli.

Nyuma yangu Deeqa alipiga kelele: "Watatu! Akiru, wametimia watatu!"

Mama alinitazama usoni, akaona macho mekundu. "Umefunga sanduku?"

"Nimelifunga."

Akalitupa jiwe kando.

"Nitalifungua, mama. Niliomba, si kama tangazo." Na kwa kuwa ilionekana yu karibu kulia, nikaongeza, "Na pia, nikiondoka, nani atamfundisha huyu kuimba?"

Mchana tuliketi bwaloni, mama na Ekal na mimi. Ekal alikigonga kijiti cha Nkatha juu ya jerikeni tupu, akitafuta mdundo. Mzee Huqa aliegemea dirisha lake.

"Habari ya mkutano?"

"Tusogezee benchi, Mzee Huqa."

Kuhusu marehemu: tangazo la hapo juu lipuuzwe. Ibada ni Jumapili, maabara. Deeqa atahesabu.