Mstari Ulionyooka

"Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo uliyozoea kuyapenda?"

Sauti ilitoka kwenye spika za ukumbi wa mihadhara, nzito, tulivu, haina haraka na mtu. Minong'ono ikakatika. Hata wale wa viti vya nyuma, ambao huja darasani kwa shingo upande, waliinua vichwa, kwa sababu waliifahamu. Ndiyo iliyokuwa ikiwasomea wazazi wao taarifa ya habari ya jioni wakati wao wakifukuzwa sebuleni wakaoge. Mhadhiri alisimama mbele akiwa amewapa mgongo, anatazama ukuta mweupe. Kila mwaka rekodi hiyo ilipokwisha aliwatania kwamba mwenye sauti ndiye yule yule anayemgombeza nyumbani kwa kuacha taa zikiwaka, na darasa zima huangua kicheko. Mwaka huu hakutania, akaendelea na somo.

Wanafunzi walimwita Mama Wastani. Jina hilo alilijua, na moyoni alilipenda. Alikuwa ameingia kwenye takwimu za afya ya akili wakati wenzake wakimcheka waziwazi: huzuni ya mtu utaipima kwa rula gani? Akakaza roho. Alijenga dodoso fupi la kupima sonona, akalijaribu kwa wagonjwa na wazima, akalitupa, akalijenga upya, mpaka likakubalika katika zahanati na hospitali kubwa. Kisha akabuni njia ya kujua kama alama za mtu zikishuka ni kweli anapona au anayumba tu kama wanavyoyumba watu wote. Ilimtoa kwenye ualimu msaidizi, ikampa shahada ya uzamivu, na sasa jopo lilikuwa linapitia kazi zake ili apewe uprofesa. Ukimwambia kwamba kuna jambo la moyoni lisilopimika, alikuwa anakusikiliza kwa adabu, kisha anakuuliza umejaribu mara ngapi.

Mumewe, Mtangazaji, alikuwamo katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Kila toleo la dodoso lilianzia kwake, mezani, chai ikipoa, yeye akijibu maswali na kulalamika kwamba sentensi hii ndefu, mgonjwa atalala kabla haijafika mwisho. Zilipokuja simu za kupiga zenyewe na kuwauliza watu maswali, ni yeye aliyezirekodi. Hawakuwa na studio. Alikaa sakafuni chumbani, kati ya kitanda na kabati, mablanketi yakiwa yametandazwa juu ya kichwa chake ili magari ya barabarani yasisikike, akatoka humo amelowa jasho na kudai alipwe kwa busu. Siku mke alipopata kizingiti, yaani alama kumi, ambapo anayezifikia anahitaji daktari bila mjadala, walicheza dansi jikoni mpaka sufuria ikaungua.

Halafu redio aliyotangazia ikabadili mwelekeo. Vijana wa muziki na vichekesho wakachukua saa ya jioni, na yeye akaitwa ofisini, akashukuriwa kwa maneno matamu, akaonyeshwa mlango. Alirudi nyumbani akasema afadhali, atapumzika. Baada ya muda akaacha kunyoa ndevu. Akaacha kusikiliza redio, ya kwao na za wengine. Usiku mkewe akigeuka anamkuta macho wazi, anatazama dari. Alipomwambia waende hospitali, alikataa kabisa, na sababu zake hazikuwa za kijinga: wauguzi wote wa pale wangeitambua sauti yake kabla hajamaliza kusalimia, na nusu ya madaktari ni wanafunzi wa mkewe.

Mke mwingine angelia, angeita ndugu, angempandisha garini kwa nguvu. Mama Wastani alifanya alichokijua. Walikubaliana kwamba kila Jumapili asubuhi atamuuliza maswali ya dodoso, na akifikisha kumi, watakwenda, atake asitake. Mtangazaji alikubali upesi. Jumapili ya kwanza alipata tisa. Jumapili iliyofuata nane. Wiki baada ya wiki alama zikashuka, polepole, kwa adabu, na mkewe akaziingiza kwenye kompyuta na kuchora mstari. Alipouona mstari unateremka alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Akaanza hata kuimba bafuni.

Siku chache kabla ya somo hili, wifi yake alimpigia simu. Alisema kaka yake amefika kwake bila taarifa, amempa saa yake ya mkononi, ile ya dhahabu aliyotuzwa na redio, amekunywa maji, ameondoka. Mama Wastani akamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yake yuko kwenye nne.

"Wifi, mimi hizo nne sizijui," alijibu yule dada. "Kaka yangu hajawahi kunipa kitu bila kunitania kwanza. Juzi hakunitania."

Mama Wastani alimtuliza kwa maneno ya kitaalamu, akakata simu akiwa ameudhika kidogo. Ndugu wa mume, alijisemea, hawaishi kutafuta la kusema.

Sasa alikuwa amefika kwenye sehemu ya somo aliyoipenda kuliko zote. Alibonyeza kidhibiti, na ukutani ikatokea michoro ya wagonjwa kutoka utafiti wa zamani, mistari inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Aliwaeleza kwamba mtu anayepona hapiti njia moja. Wiki hii kalala vizuri, wiki ijayo kagombana na shemeji yake, alama zimepanda tena. Ukiwatazama hawa unaweza kukata tamaa, kumbe ndio wanaopona.

Akabonyeza tena. Mchoro mmoja, mstari mmoja, umeteremka umenyooka.

Hadithi ya mstari huo aliijua kwa moyo. Mdodosaji mmoja alichoka kutembea juani, akakaa kwenye baraza ya duka na kuwajazia watu majibu. Hakutaka kushtukiwa, kwa hiyo akawaponya kidogo kidogo, alama moja kila wiki. Darasa lilianza kucheka.

"Mkiona mstari umenyooka hivi," alisema Mama Wastani, "msimpongeze mtu. Huyo hajapona. Kuna mtu anazipika hizo alama, na anajua hasa mnachotaka ku..."

Hakumaliza. Alikuwa anautazama ukuta. Ulikuwa ni mstari wa nyumbani kwake. Tisa, nane, saba, hakuna Jumapili hata moja iliyorudi nyuma, na hakuna hata moja iliyogusa kumi. Ni nani duniani aliyejua kizingiti kilipo kuliko mtu aliyecheza naye dansi siku kilipopatikana? Alikuwa amempima kwa kipimo ambacho mwenyewe alisaidia kukitengeneza, jambo ambalo angemkatia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alama zote.

Alitoka ukumbini bila kuaga, kidhibiti bado kiko mkononi.

Ndani ya gari alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Barabara ya kwenda kwao ilikuwa inachimbwa, magari yamesimama, mfanyakazi mwenye kibendera chekundu anapiga soga na mwenzake. Alipiga honi mpaka watu wakageuka. Asubuhi ile mumewe alimpigia viatu rangi bila kuombwa. Alimwambia amependeza. Alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona, na yeye, mpumbavu, alimpungia mkono kwa furaha na kujiambia kwamba Jumapili watafika tatu. Viatu vyake mwenyewe vya ngozi mwanamume huyo alikuwa amempa mlinzi wa getini. Saa kwa dada. Makoti kwa jirani. Yote hayo aliyaona au kuyasikia, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye dodoso.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, peke yake garini. "Nijalie tu nimkute. Kazi chukua, uprofesa chukua, nimkute tu."

Kibendera chekundu kikashuka.

Mlinzi alimfungulia geti akashangaa kumwona saa ile. Alisema mzee hajatoka. Nyumba ilikuwa kimya na safi mno. Vyombo vimeoshwa na kufunikwa, magazeti yamefungwa kwa kamba, hata shuka alizoanika yeye jana zimekunjwa juu ya kochi, pembe kwa pembe. Simu ya mumewe ilikuwa mezani, imejaa namba yake. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Aliweka mkono kwenye kitasa na mkono ukakataa kuzunguka.

"Baba," aliita. Hivyo ndivyo walivyoitana, baba na mama, tangu watoto wakiwa wadogo, na watoto wenyewe walikwisha kwenda kwao. "Baba, uko humo?"

Aliweka sikio kwenye mlango.

"Niko hapa, mama."

Alifungua mlango, akamkuta amekaa sakafuni, kati ya kitanda na kabati, amevaa shati jeupe alilokuwa akivalia kazini. Amenyoa. Mama Wastani hakuuliza alikuwa anangoja nini pale. Alimtazama mikono, akatazama huku na huku chumbani, kisha akajibana katika nafasi ile nyembamba, bega kwa bega naye.

"Majibu yako ya Jumapili," alisema hatimaye. "Umekuwa unanidanganya."

"Namba ikishuka ulikuwa unakula vizuri," alijibu Mtangazaji. "Ulikuwa unaimba bafuni. Nikaona angalau mmoja wetu apone."

Hapo alilia. Alilia bila kujificha, kamasi na machozi pamoja, na mumewe akampapasa mgongo kana kwamba mgonjwa ni yeye. Alitaka kumuuliza, na hakuwa na namna ya kuuliza. Maneno yote aliyokuwa nayo kwa jambo hili yalikwisha kupita kinywani mwa mtu huyu huyu, na kila moja lilikuwa na jibu lake tayari. Miaka yote hiyo ya kazi, na amefika mlangoni mwa mtu mmoja mikono mitupu.

"Basi niulize mimi," alisema. "Yote. Kama ulivyorekodi."

Mtangazaji alimtazama kama mtu asiyeelewa, kisha akakohoa kidogo, kwa mazoea, na sauti ile ikatoka, nzito, tulivu. Alimuuliza kuhusu hamu, akajibiwa kwamba tangu atolewe redioni hakuna kinachomfurahisha mkewe ila mstari kwenye kompyuta. Alimuuliza kuhusu usingizi. Alimuuliza kuhusu kujiona mtu aliyeshindwa, na mkewe akajibu, "Muda wote. Leo zaidi." Kila jibu lilimfanya asite kidogo kabla ya swali linalofuata. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu maswali yale. Siku zote aliyauliza mablanketi.

Likabaki swali la mwisho.

"Katika wiki mbili zilizopita, umewahi kuona kwamba walio karibu nawe wangepumua kama..."

Alilamba midomo, akarudi mwanzo wa sentensi kama alivyokuwa akifanya kazini ulimi ukiteleza. Alifika mahali pale pale. Sauti iliyosoma misiba ya nchi nzima bila kutetereka ilikwama kooni, ikatoka hewa tupu. Alijaribu mara ya tatu.

"Hili," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "hili siwezi kulisoma."

Mama Wastani alimshika mkono na hakuuachia. Kwa mkono mwingine alipiga simu kwa daktari wa akili wa hospitali kubwa, mwanamke ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha na kumfelisha. Yule daktari hakutaka alama. Alisema amlete sasa hivi, na asimwache peke yake hata akienda chooni. Mtangazaji aliyasikia yote. Aliinama, akaanza kupapasa uvunguni mwa kitanda.

"Viatu," alisema. "Nilivigawa."

Akavaa ndala za bafuni. Walitoka hivyo, yeye na shati lake jeupe lililonyooshwa na ndala za kijani, mkewe amemkamata kiwiko. Getini mlinzi alisimama kwa heshima, akaziona zile ndala, akatazama miguu yake mwenyewe. Aibu ikamshika. Akainama kufungua kamba.

"Acha," alisema Mtangazaji. "Vinakutosha?"

"Vinanibana kidogo, mzee."

Mtangazaji alifikiri, kama vile swali lilikuwa zito.

"Basi vitunze. Nitavifuata."

Mama Wastani alimtazama usoni. Alitafuta kama neno lile amelisema kwa ajili ya mlinzi, au kwa ajili ya mkewe, kama Jumapili zile zote, au kwa ajili yake mwenyewe. Hakuweza kujua. Alimfungulia mlango wa gari, akamketisha, akamfunga mkanda, kisha akauvuta tena kuhakikisha kwamba umeshika.