Sungura Hakumgusa

Mshonaji alimfikisha bintiye hospitali akiwa mgongoni, macho yamegeuka manjano, mwili umelegea kama nguo mbichi. Mumewe, fundi wa mapaa, alikuwa nyuma yao akihema.

Daktari alipouliza mtoto amekula nini, baba mtu akawahi kujibu. Juzi alirudi kutoka msituni na sungura wa mwitu na uyoga. Akaapa kwamba ubaya ulikuwa kwa sungura, maana sungura mzima hakubali kukamatwa kwa mkono. Uyoga aliuchuma mwenyewe, mweupe, hauna hata funza.

Daktari, mama wa makamo, akawaeleza bila haraka. Ugonjwa wa sungura huja na homa na mitoki, yaani tezi kuvimba, na dawa yake ilikuwamo kabatini. Uyoga mbaya una hila. Mtu hutapika, kisha hupata nafuu, nyumba nzima ikashusha pumzi, kumbe ini linaharibika. Dawa ya huo ingebidi ifuatwe mji mwingine. Akataka aambiwe ukweli.

Mshonaji akakumbuka. Jana asubuhi mtoto alitapika sana, lakini mchana aliinuka akacheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Yeye akamtania kwamba alikuwa anadeka tu, akwepe shule.

Akamtazama mumewe. Mume alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anayemsihi.

"Nyama hakuigusa," Mshonaji akasema. "Alimwonea sungura huruma. Tulikula sisi wawili, uyoga tukamwachia yeye. Nilimpakulia mimi, Daktari. Akaomba tena, nikamwongezea."

Daktari alikuwa ameshashika simu. Mume akatoka nje.

Dawa ilifika jua likizama. Hata hivyo mtoto alizidi kudidimia, akawa hamtambui mtu, na muuguzi akaacha kumjibu mama anapouliza. Mshonaji alisugua vile vidole vidogo mpaka vyake vikafa ganzi. Hakuwa na maombi mapya tena. Alirudia jina la mtoto tu.

Siku ya tatu midomo ikacheza. Mtoto alitaka maji, kisha akauliza baba yuko wapi.

Alikuwa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, hajawahi kuvuka kizingiti cha wodi.

"Baba, anakuita," mkewe akamwambia.

Alijaribu kuinuka, akashindwa. Mshonaji akamtia mkono kwapani, akamnyanyua.